Vitengo Viwili vya Uduvi

Wananchi wote wa Kahama, wakiwemo wale ambao hawajawahi kuiona bahari hata ndotoni, walitangaziwa kwa gari la vipaza sauti kwamba mji wao umepata heshima ya pekee: Kitengo cha Utambuzi wa Uduvi wa Bahari Baridi, Aina ya Kwanza. Gari lilizunguka Nyasubi, likapita Nyahanga, kisha likarudi Nyasubi na tangazo jingine kwamba kimeanzishwa pia Kitengo cha Utambuzi wa Uduvi wa Bahari Baridi, Aina ya Pili. Aliyesikia tangazo moja tu alihesabiwa kuwa amepitwa na nusu ya maendeleo.

Msingi wa kitaalamu ulikuwa thabiti. Huko kwenye bahari za barafu wanaishi uduvi wa aina mbili, ndugu wa karibu kabisa, wote wekundu, wote wa kimo kimoja. Kinachowatofautisha ni mwiba mdogo mgongoni, kwenye pingili ya tatu. Wa Kwanza anao, wa Pili hana. Wakubwa wakaona kuwa kumweka mwenye mwiba na asiye na mwiba chini ya mkuu mmoja ni kukaribisha vurugu. Basi Bwana Hatibu, aliyetumikia kwa uadilifu kwenye mizani ya pamba, akapewa mwenye mwiba. Bwana Eustace, aliyetumikia kwa uadilifu kwenye mizani hiyo hiyo, akapewa asiye na mwiba. Ofisi zao zilitazamana katika ukumbi mmoja, meza kwa meza, kiti kwa kiti. Hatibu alitundika pazia la kijani ili kuweka tofauti, na juma lililofuata Eustace naye akatundika la kijani.

Kilichomnyima Hatibu usingizi ni ahadi ya makao makuu. Kitengo kitakachowatambua uduvi wake kwanza kingepandishwa hadhi kuwa Idara, na mkuu wake angeitwa Mkurugenzi, angepewa gari na dereva. Hatibu alilitaka gari hilo kwa moyo wake wote. Alikuwa ameshaanza kuwaaga watu kwa kupunga mkono taratibu, kama aliye nyuma ya kioo, ingawa alikuwa akienda kwa miguu.

Shida ilikuwa kupata uduvi wa kuwatambua. Kuanzia Shinyanga mpaka Geita uduvi wa bahari baridi walijulikana kuwepo mahali pamoja tu, ndani ya friza ya Mama Sameer pale Nyasubi. Heena, maana ndilo jina lake, alikuwa na duka la vyakula vya kugandishwa, na mpishi wa kambi moja ya wachimbaji ndiye aliyemwagiza uduvi hao. Hatibu akafika asubuhi akaifunga friza kwa utepe wa njano mpaka aina ijulikane. Jioni akafika Eustace, akaongeza utepe wake wa njano. Kila umeme ulipokatika Mama Sameer alikaa kando ya friza akiisikiliza kama anayeuguza, na mpishi akawa anapiga simu bila kuchoka.

Makao makuu yakamtuma mkaguzi, Bi Mwamvua, kushuhudia utambuzi rasmi. Alikuwa mama mtulivu, mwenye tabia ya kusikiliza mpaka mtu ajute kusema. Tepe zikakatwa, friza ikafunguliwa mbele ya wakuu wote wawili, na ikabainika kwamba uduvi walikuwa wameshamenywa. Hawakuwa na kichwa, hawakuwa na ganda, na mgongoni palikuwa laini kabisa.

Hatibu aliuliza maganda yako wapi.

"Yalibaki kwao, Mheshimiwa," alijibu Mama Sameer. "Huko wanawamenya kwa mashine."

Hatibu akapendekeza maganda yaandikiwe barua yarejeshwe. Mkaguzi akamwuliza barua hiyo iende kwa nani, na pendekezo likaishia hapo.

Ndipo Makoye, mhudumu wa vitengo vyote viwili, akakumbuka alivyokuwa akiosha mchanga wa dhahabu kule Kharumwa. Alishauri waletewe karai. Kwa kuwa mwenye mwiba ana kitu cha ziada, hata akimenywa lazima mwili wake umezoea uzito, basi atazama, na asiye na mwiba ataelea. Hatibu alisema wazo hilo alikuwa nalo tangu asubuhi. Karai likaletwa, likajazwa maji, na vipande vya barafu vikatiwa ili kuheshimu neno baridi lililomo katika jina la kitengo. Makoye akaosha kwa ustadi, akizungusha mikono na kupepesua. Uduvi karibu wote walizama. Hatibu akampa mkaguzi mkono, akaanza kumpa na Mama Sameer.

Eustace aliomba marudio. Makoye akaosha tena, na wale wale waliozama wakaelea. Mara ya tatu wakagawanyika, wengine wakabaki katikati ya maji bila kuegemea upande wowote.

"Hata mawe ya Kharumwa yana msimamo kuliko hawa, bhabha," alisema Makoye, akafuta mikono.

Hatibu aliliona gari lake likiondoka. Akasimama, akarekebisha tai, na kwa kweli alizungumza vizuri kuliko siku zote za utumishi wake.

"Mheshimiwa Mkaguzi, sayansi haina huruma. Vitu viwili ambavyo mtaalamu aliyebobea hawezi kuvitofautisha, hivyo ni kitu kimoja. Kimoja kibaki, kingine kifutwe."

Bi Mwamvua alimwomba arudie. Akarudia kwa sauti ya juu zaidi, akimtazama Eustace, na kuongeza kwamba huo ndio msimamo wake wa maisha. Mkaguzi akasema hoja imepita, akaomba aonyeshwe ofisi.

Walikwenda wote, na Mama Sameer akafuata nyuma kwa sababu ya friza yake. Bi Mwamvua alisimama katikati ya ukumbi, akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akamwuliza Hatibu ofisi hizi mbili zinatofautianaje. Hatibu alifungua kinywa kutaja pazia, akatazama upande wa pili, akakifunga. Akasema yeye anashughulikia mwiba. Mkaguzi akamwomba amwonyeshe huo mwiba, kisha akamgeukia mwenye duka.

"Mama Sameer, wewe wamekuhudumia wote wawili. Unawatofautishaje?"

Heena alifikiri kwa makini, maana hakutaka kumwonea mtu.

"Mmoja alinifungia friza asubuhi, mwingine jioni. Ila nani wa asubuhi, hapo nitakudanganya, mama."

Uamuzi ulitolewa papo hapo, kwa maneno ya Hatibu mwenyewe. Vitengo viwili vilikuwa kitengo kimoja. Kwa kuwa haikujulikana mkuu yupi abaki na yupi afutwe, ofisi zote mbili zifungwe kwa utepe mpaka mkuu atambuliwe. Friza iachwe huru, maana aliyeifunga hajulikani. Makoye akazungusha utepe wa njano milangoni, na Hatibu akabaki nje, koti lake likiwa ndani. Aliumia, na uchungu wake haukuwa wa kuigiza.

Mpishi alikuja na pikipiki ya mizigo akachukua katoni zake zilizosalimika. Wale wa karaini hawakuwa wa kuuzwa tena, kwa hiyo Mama Sameer aliwakaanga kwa kitunguu saumu na pilipili, akawapeleka kwenye sahani mpaka kwenye benchi la nje ya ofisi. Wakuu wale wawili walikuwa wamekaa hapo bega kwa bega, wala hawakuwa wametia kitu mdomoni tangu asubuhi.

"Karibu chakula, Bwana Eustace," alisema, akimtazama Hatibu.

Hatibu alinyanyua kichwa amsahihishe, kwa kuwa jina ndicho kitu pekee kilichobaki mikononi mwake. Kwa pembe ya jicho akamwona Eustace akinyoosha mkono kuelekea sahani.

"Ndiye mimi, Mama Sameer," alisema Hatibu, akaipokea.