Habari za Desmond Fundi Boila na Moto wa Gumegume

Kusanyikeni, enyi mpendao habari za watu waliothubutu! Sogezeni viti, zimeni redio, na anayekuna nazi aiweke mbuzi kando, kwa maana hili ninalowaletea si jambo la kusikilizwa na mtu aliyesimama mlangoni akitafuta viatu vyake. Ni habari ya Desmond mwana wa Ackroyd, fundi boila wa mji wa Telford, mtengenezaji wa ile mitambo ya kupasha nyumba joto, mwenye mabega mapana kama kabati, bwana wa spana na mabomba, aliyerudisha joto katika nyumba zaidi ya mia nne zilizokuwa zimepoa. Na jinsi alivyosimama mbele ya kuni mbichi, Jumamosi ya mwisho ya Agosti, akawasha moto.

Mtasema: moto tu? Naam, moto tu. Tulieni.

Kila mwaka, majira hayo, watu kama elfu moja huacha kazi zao na simu zao, wakaenda kupiga mahema chini ya ngome iliyobomoka ya Hawksmere, mpakani mwa Uingereza na Wales, wakaishi siku tatu kama walivyoishi watu wa miaka mia tano na sitini iliyopita. Hapo karani wa benki hugeuka mpiga mishale, daktari wa meno akafua chuma, na mama mwenye wajukuu sita akavaa deraya na kwenda vitani akiimba. Na ndani ya kamba inayozunguka uwanja haiingii plastiki, haiingii saa ya mkononi, wala hakiingii kiberiti.

Katika jeshi hilo kubwa palikuwa na kikosi kidogo kuliko vyote, Kikosi cha Kunguru Mwekundu, watu wanne kwa hesabu. Amiri wao alikuwa Gareth, mgawa barua, mrefu kama nguzo ya bendera, mwenye sauti iliyotangulia mwili wake kwa hatua kumi. Mwashaji moto wao alikuwa Sunita, mwalimu wa hesabu, ambaye kwa jiwe la gumegume na kipande cha chuma aliweza kutoa cheche zikatii kama wanafunzi wake. Bibi wa chungu alikuwa Lorna, muuguzi, mke wa Desmond. Naye Desmond? Desmond aliendesha gari. Alibeba nguzo za hema, alipigilia vigingi, alichota maji. Na vita ikipangwa, aliwekwa safu ya nyuma kabisa, ameshika mti mrefu, ameambiwa asimchome mtu.

Hakulalamika kwa miaka minne. Lakini Alhamisi, akiwa amejikunja ndani ya gari akipanga mizigo, alimsikia Gareth akisema kwenye simu, "Safari hii tuko watatu. Eh, na Desmond." Neno hilo lilimwingia kama kibanzi chini ya ukucha, akaenda nalo njia nzima bila kumwambia mtu, hata mkewe.

Basi ikawa Ijumaa alasiri, mbele ya hema la pombe, Gareth akakutana na Barnaby Thwaite, amiri wa Simba wa Severn, jeshi la watu thelathini, mwenye ndevu zilizosukwa na duka la viatu mjini Shrewsbury. Wakaanza kutambiana, na kutambiana kukawa kejeli, na kejeli zikawa nadhiri. Gareth akapanda juu ya pipa, akanena kwa sauti ya kuamsha waliozikwa:

"Sikilizeni, Simba! Kunguru Mwekundu hajawahi kuazima kaa la moto kwa jirani, wala hataazima! Kesho, kabla kengele ya asubuhi ya kufungua lango haijalia, jiko letu litakuwa linawaka kwa gumegume. Lisipowaka, tutaosha vyungu vyenu vyote hadi Jumatatu!"

"Vyote?" Barnaby akauliza, akipapasa ndevu.

"Vyote!"

"Pamoja na ile sufuria ya mchuzi wa kondoo?"

Gareth akajishika vizuri juu ya pipa. "Hata hiyo."

"Haya bwana. Na likiwaka, tutaosha vyenu sisi. Mashahidi mpo?"

Watu thelathini wakapiga ngao zao. Haukupita muda, katika mazoezi ya upanga, Sunita akateleza kwenye majani, akaangukia mkono wa kulia, na kifundo chake kikavimba kama andazi. Lorna akamfunga kitambaa, akasema bila kuzunguka, "Mkono huu haushiki kitu mpaka wiki ijayo. Hata chaki."

Mvua ikanyesha kabla ya alfajiri, mvua ya Agosti ya nchi ile, isiyo na haraka wala haya. Hadi saa moja asubuhi ilipokatika, kuni zilikuwa zimelowa, jiko la shimoni lilikuwa bwawa, na kisanduku cha vitambaa vya masizi, vile vitambaa vilivyounguzwa vikawa vyeusi ili vidake cheche, kilikuwa kimelala nje kifuniko wazi, kimejaa maji.

"Nani amekiacha nje?" Lorna akauliza.

Gareth akatazama ngome kwa makini, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Hata hivyo amiri hakurudi nyuma. Alirundika magogo hadi magotini, akapiga goti kama anayeapishwa, akaligonga gumegume kwa chuma mara ishirini, na mara ya ishirini na moja akakigonga kidole gumba chake mwenyewe, akatoa maneno ambayo watu wa miaka mia tano na sitini iliyopita waliyajua pia. Cheche zilitoka, zikaanguka kwenye unyevu, zikafa. Upande wa pili wa njia moto wa Simba ulikuwa umeshapanda, nao walikuwa wanavipanga vyungu vyao juu ya nyasi, kimoja kimoja, vikubwa mbele, ile sufuria ya kondoo katikati kama sultani.

"Mpeni Desmond," akasema Sunita.

"Desmond?" Gareth akacheka, kisha akaona hakuna mwenziwe anayecheka. "Sunita, huyu ni mtu wa gari."

"Huyu anawasha moto kila siku ya Mungu. Wewe unagawa barua."

"Anawasha kwa kubonyeza!"

"Gareth," akasema Lorna, kwa ile sauti anayoitumia kwa wagonjwa wanaokataa sindano, "sogea."

Amiri akasogea. Lakini Desmond alipoinama kuchukua chuma, Gareth akamshika kiwiko, akamvuta nyuma ya hema, akamnong'oneza:

"Bwana wee, sikiliza. Kile kidude chako cha gesi, cha kuchomelea mabomba. Kiko garini, si ndiyo?"

"Kiko."

"Dakika moja tu. Mimi nasimama hapa na ngao, wewe unabonyeza, basi. Nani atajua?"

Hapo, enyi msikiao, ndipo palipokuwa na vita yenyewe, wala haikupigwa ngoma. Desmond alitazama njia ya kwenda garini: hatua sitini. Alikitazama kidole cha Gareth kilichokuwa kinageuka zambarau, akamwonea huruma. Aliwaza thelathini wale wakicheka, aliwaza Lorna akikwangua mafuta ya kondoo siku tatu za likizo yake ya pekee tangu Pasaka. Ingekuwa rahisi! Na angebaki vilevile alivyokuja, mtu wa gari, ila sasa na siri juu yake.

"Hapana," akasema.

"Desmond, usiwe mtoto."

"Kama ni kuosha vyungu nitaviosha mimi, vyote, wewe ukalale. Lakini kile kidude hakitoki garini."

Kisha akarudi jikoni, akafanya jambo lililowashangaza wote: hakugonga kitu. Alichuchumaa, akalitazama lile shimo kama anavyolitazama boila lililozimika kwa watu, kichwa upande, macho nusu, akisikiliza. Akayaondoa magogo ya amiri moja baada ya jingine.

"Unafanya nini? Nimeyapanga hayo!"

"Umeziba pumzi," akasema Desmond. "Moto ni pumzi. Huu ulikuwa umeshafia tumboni."

Akakomba maji kwa bakuli la mti. Akaufungua mdomo wa shimo upande unaotokea upepo, akaweka mawe mawili bapa, na juu yake vijiti vilivyopasuliwa, akitumia moyo wa kuni ulio mkavu na kuyatupa maganda yaliyolowa. Akaomba nyasi kavu. Nyasi kavu? Bonde zima lilikuwa linachuruzika! Ndipo Lorna akaingia hemani, akatoka na godoro lake la majani, lile alilolishona mwenyewe mwezi mzima wa Julai, akalipasua kwa kisu kutoka kichwani hadi miguuni.

"Nimelilalia," akasema. "Hakuna kitu kikavu kuliko hili katika mkoa mzima wa Shropshire."

"Utalala wapi?"

"Juu yako. Washa moto."

Sunita naye akavua kofia yake kwa mkono wa kushoto, akatoa ndani ya pindo kipande cha kitambaa cha masizi, kidogo kama stempu. "Ni hiki tu," akasema. "Cheche ikidaka hapo, usishangilie. Kunja, puliza taratibu. Ukiharakisha unaipoteza."

Kufikia hapo Simba walikuwa wamevuka njia, wamesimama nusu duara, mikono kwenye mikanda. Mlinzi wa lango alionekana akipanda kilima kwenda kwenye kengele.

"Fundi!" akaita mmoja wao. "Mpigie simu mwenye kampuni!"

"Usimcheke," akasema Barnaby. "Amekuja kusoma mita."

Wakaangua kicheko. Desmond akaligonga jiwe. Hakuna. Akagonga tena, ngozi ya vifundo vya vidole ikachunika. Mara ya tano, mara ya tisa. Damu ikadondokea kwenye chuma, na shujaa akaipangusa kwenye suruali, akabadili mshiko, jiwe juu, kitambaa kimeng'ang'aniwa ukingoni. Mara ya kumi na nne cheche moja, ndogo kuliko chembe ya ufuta, ikaruka, ikatua juu ya ule weusi, na weusi ukafumbua jicho jekundu.

"Imedaka," akanong'ona Sunita. "Usipumue. Yaani, pumua. Kidogo."

Akakikunja kitambaa katika majani ya godoro, akakileta mdomoni kama mtu anayelea kifaranga, akapuliza. Moshi ukatoka, mwembamba. Na papo hapo upepo wa Wales, adui wa tangu zamani, ukashuka kutoka ngomeni kwa ghadhabu, ukaupeperusha moshi, na lile jicho likaanza kufifia.

Ndipo Desmond mwana wa Ackroyd akafanya tendo lake kuu. Alijitupa kifudifudi kwenye matope, mzima, akauzunguka moto kwa mwili wake wote, mabega yakawa ukuta, tumbo likawa boma, ndevu zikaingia kwenye majani. Na humo ndani, ambamo hakuna aliyemwona, akauambia moto maneno yaleyale anayoyaambia maboila ya vikongwe usiku wa theluji. "Haya, mama," akasema. "Polepole. Hakuna anayekukimbiza. Vuta. Vuta tena."

Simba wakasogea karibu. Lorna akaushika mkono mzima wa Sunita, akauminya.

Kisha pakasikika mlio, tak, kama kijiti kinavunjika; na chini ya kifua cha yule mtu pakatoka mwanga wa rangi ya ndizi mbivu, na Desmond akaruka nyuma akipiga kelele, kwa maana ndevu zake zilikuwa zinaungua, na moto, ewe moto! ukasimama juu ya mawe mawili kwa miguu yake wenyewe.

Lorna akamwagia mumewe maji ya birika usoni. Na mlimani kengele ikalia.

Gareth akapaaza sauti hadi ikakatika. Akamkumbatia Desmond, akaloa matope kifuani, akasema, si kwa sauti ya kwenye pipa bali kwa sauti ya kawaida ambayo wengi hawakujua kama anayo, "Nilitaka tudanganye. Nisamehe, ndugu yangu."

"Leta magogo yako," akasema Desmond. "Sasa yanafaa."

Barnaby akaja, akachungulia, akanusa, akatafuta hila kila upande asiione. Mwisho akavua chapeo yake, akainamisha kichwa mbele ya mtu aliyekuwa na ndevu nusu. "Haki ni haki," akasema. "Mna vyungu vingapi?"

"Kimoja," akasema Lorna. "Lakini kwanza tunapika uji."

Uji wa shayiri ukapikwa, ukashika chini kidogo, kwa sababu hakuna aliyetaka kukoroga huku moto upo wa kutazamwa. Wakaula wote wanne wamesimama, na watu wazima wawili kutoka safu ya Simba wakaomba kuonja.

Na iandikwe basi, katika vitabu vya mambo makuu, karibu na kuanguka kwa miji na kuzaliwa kwa wafalme, kwamba siku ile alasiri baragumu zilipigwa, na mapanga elfu yakashuka bondeni kupigana ile vita ambayo watazamaji walikuwa wamesafiri kutoka mbali kuiona. Gareth alikwenda, na Lorna na Sunita wakaenda kushangilia. Desmond alikataa. Alikaa peke yake juu ya gogo, vidole vimefungwa vitambaa, akiongeza kijiti hiki, akisogeza kile, akiusikiliza moto wake ukivuta pumzi. Waliporudi jioni wamechoka, hakuwauliza nani ameshinda. Aliwasogezea birika. Maji yalikuwa yanachemka.