Mbavu za Kupozea Redio

Jumatatu, 4 Oktoba 1954

Redio imezimika tena. Dakika ya ishirini na mbili. Mtangazaji wa Dar es Salaam alikuwa katikati ya jina la mtu, akamezwa. Wateja walilitazama sanduku kidogo, kama watu wanaongoja maiti aitikie salamu, kisha wakavuka barabara kwenda dukani kwa Dhanji, mwenye gramafoni. Gramafoni ya Dhanji inajua nyimbo sita tu. Lakini inazimaliza.

Naandika Kiswahili kwa makusudi. Mama na Shangazi Rehmat husoma Kigujarati. Kiswahili wanakisema siku nzima lakini hawakisomi. Daftari hili liko salama.

Mambo yalivyo. Nina miaka kumi na sita. Nimemaliza shule mwezi wa nane, wa kwanza katika sayansi, wa mwisho katika kusema mbele za watu. Shangazi Rehmat, dada yake baba, amekuja Mohoro kunichukua. Kwake Lindi ana chumba cha kudarizi chenye wasichana saba, na anataka wa nane. Miaka mitatu! Mimi nataka kuwa fundi wa mitambo. Sijamwambia mtu ila daftari.

Leo nimethubutu. Nilijificha nyuma ya magunia ya mchele, nikamwandikia Bapa, yaani baba yangu, barua. Nikaeleza kwamba redio inakufa kwa joto, na kwamba naweza kuiponya kwa elimu. Bapa aliisoma akiwa hatua mbili kutoka nilipo. Akayajibu magunia. Alisema Jumamosi redio ikicheza saa nzima mbele ya wateja, tangu saa kumi na mbili hadi saa moja, nitabaki, na ghala la nyuma litakuwa karakana yangu. Isipocheza, lori la Lindi hupita Jumatatu.

Magunia yalikubali.

Niandike pia hali ya mgonjwa. Redio yetu ni ya mbao, kubwa kama kasha, nayo imevaa gauni. Shangazi alilishona Lindi akaja nalo wiki iliyopita: mahameli ya kijani, shanga shingoni, vifungo mgongoni. Redio isiyovaa, anasema, ni aibu ya nyumba. Ilianza kuzimika wiki hiyohiyo. Jambo hili nimelifikiria sana. Nadhani ni majira.

Jumanne, 5 Oktoba

Nimevumbua. Mbavu!

Joto hukimbilia kwenye chuma, na chuma chenye mbavu nyingi hulitupa hewani upesi. Nitafunga mbavu za alumini mgongoni mwa redio. Nimechora kumi na mbili. Jina: Kipoza-Redio cha Kwanza.

Nilikwenda kwa Bushiri mfua vyuma na mkewe Mwanamina, anayevuta mivukuto. Nilisimama mlangoni mpaka Mwanamina akauliza kama nimekuja au nimepandwa. Nikampa mchoro. Aliugeuza juu chini, akamwambia mumewe kwamba binti Walji, yaani mimi, anataka chanuo la kumchania kiboko.

Bushiri ni mtu wa kufua majembe, kumimina amemimina mara chache. Nilimpa sufuria mbili za Mama zilizokuwa zimepumzika. Makaa yalikuwa ya mkoko, kutoka kwao Mwanamina, Kiongoroni. Moto wake hauna mchezo. Alumini ikalegea kama samli.

Tatizo lilikuwa kalibu, lile umbo la udongo la kumiminia. Nililitengeneza kwa udongo wa mtoni. Juu lilionekana kavu. Ndani halikuwa kavu. Bushiri alipomimina, kalibu ikapiga chafya. Kofia yake imetoboka pawili. Hakuumia. Aliivua, akaitazama, akasema kwa upole kwamba kwa miaka ishirini kofia ile ilikuwa haijawahi kumpitishia upepo.

Nililia nyuma ya rundo la makaa. Mwanamina aliniletea maji na kuniambia niinuke, mwanangu, udongo haulii na ndio uliopasuka.

Jumatano, 6 Oktoba

Alfajiri nilikumbuka jinsi Mama anavyotoboa mkate kwa uma ili mvuke utoke. Nikachukua pumba za mpunga, nikazikanda na udongo. Kalibu ikachomwa motoni, pumba zikaungua, zikaacha vijitundu vya kupumulia. Bushiri akamimina akiwa amesimama mbali, mkono tu karibu. Haikupiga chafya. Mbavu kumi na mbili zikatoka nyembamba, bila tundu, bila ufa.

Bushiri aliziangalia muda mrefu. Kisha hakuziangalia tena, aliangalia vipande vya kalibu. Aliuliza nimechanganya pumba kiasi gani. Nikamwambia ni jambo dogo, la jikoni tu, asilitie maanani. Cha maana ni mbavu.

Saa kumi tulizifunga mgongoni mwa redio. Ilibidi kwanza niivue gauni. Nikaiwasha. Nusu saa. Saa. Saa na robo! Nilicheza peke yangu ghalani. Nililikumbatia gunia.

Jioni wateja wakaja. Shangazi akaivalisha redio, maana wageni ni wageni. Dakika ya kumi na nane, kimya.

Sielewi. Mchana saa na robo, jioni dakika kumi na nane. Nimepiga hesabu ukurasa mzima. Jibu ni kwamba jioni hewa ni nzito.

Mwanamina, aliyekuja kununua chumvi, alisema kwa sauti dukani kwamba hata mwenye homa huvuliwa shuka. Nilimnong'oneza kwa adabu kwamba redio si mgonjwa, na kwamba mambo haya yanataka fizikia. Akasema haya, fizikia na ivae.

Namhurumia. Hakupata bahati ya shule.

Alhamisi, 7 Oktoba

Mbavu hazitoshi. Maji! Kipoza-Redio cha Pili.

Mrija mwembamba unatoka kwenye mtungi uliowekwa rafu ya juu, unazunguka mgongo wa redio mara tatu, unashuka kwenye ndoo. Mtungi huyapoza maji kwa kutokwa na jasho, maji yanaipoza redio. Bushiri alitia lehemu kwenye maungio. Nilimharakisha. Alisema lehemu haipendi kuharakishwa. Nikamharakisha.

Ungio la pili liliachia saa tano na nusu. Maji hayakwenda kwenye redio, nashukuru. Yalikwenda kwenye gunia la sukari. Sukari ikaenda sakafuni. Sisimizi wakaja kutoka kila upande kama walioalikwa kwa kadi.

Na ni nani aliyechagua dakika hiyo kuingia? Mukesh, mtoto wa Dhanji. Ana miaka kumi na tisa na cheti cha ufundi wa redio alichosomea kwa barua. Amekitia kwenye fremu. Kazi yake ni kutuchajia betri kwenye mashine yao ya kukoboa mpunga, na kila akiirudisha hutoa maoni. Leo alitazama sakafu, akatazama ndoo, akamwambia Bapa kwa sauti ya daktari kwamba redio yetu imeanza kukojoa, na kwamba babake yuko tayari kuichukua ilivyo, kwa huruma.

Bapa alimjibu kwamba redio hii haiuzwi mpaka Jumapili.

Mpaka Jumapili! Nimelisikia hilo nikiwa chini ya meza na fagio.

Shangazi alinisaidia kudeki. Hakunikaripia. Alisema Lindi sakafu zao ni za saruji, hazinyonyi.

Ijumaa, 8 Oktoba

Nimerudi kwenye mbavu. Kosa langu lilikuwa uchache. Zitakuwa thelathini na sita, ndefu kama mkono. Kipoza-Redio cha Tatu.

Alumini ya kutosha ilikuwepo, bahati nzuri. Ilikuwa jikoni. Nilichukua sufuria nne na mfuniko wa lile sufuria kubwa la wageni. Nilisahau kwamba leo ni Ijumaa na kwamba wageni hula Ijumaa.

Mama aligundua baada ya sala. Alitoka na mchele uliorowekwa, akizunguka nyumba kama mtu anayetafuta mlango. Aliniuliza sufuria ziko wapi. Nikamwonyesha redio. Mama aliketi. Tumekula mkate wa jana na maembe, wageni nao, na mgeni mmoja akasifu maembe mara tano.

Lakini kalibu! Safari hii nilizidisha pumba, na mbavu thelathini na sita zilitoka kwa mmimino mmoja. Bushiri aliita majirani waje kuona. Mwanamina alizipiga kwa kidole moja moja, zikalia kama kengele. Bushiri akaniomba nimfundishe kukanda ule udongo. Nilimwahidi nikipata nafasi. Kwa sasa nina kazi ya kisayansi.

Jioni kikaja kikwazo: gauni la redio halitoshi. Nilidhani Shangazi atakasirika. Badala yake alileta mkasi na mabaki ya mahameli, akaanza kulipanua. Alisema kama mtoto ameota mbavu, mbavu nazo zina haki ya kuvaa. Kila ubavu ukapata mfuko wake, kama soksi. Ndani akatia sufi, zisigongane. Tulishona pamoja. Nikatia vifungo kumi na viwili. Aliusifu mshono wangu, akasema kwa mkono huu nitakuwa malkia Lindi.

Niliguswa sana. Nimelala nikiwaza kwamba familia nzima sasa inaisaidia sayansi.

Jumamosi, 9 Oktoba

Naandika polepole kwa sababu naona aibu hata ya kalamu.

Saa kumi na mbili kasorobo duka lilijaa. Watu walikuja hata kutoka kijiji cha Umwe. Bushiri na Mwanamina mbele. Dhanji mwenyewe kwenye kiti. Mukesh ameegemea mlango, ameshika saa. Redio ikiwa na gauni lake jipya ilionekana kama nungunungu aliyekwenda arusini. Mimi nyuma ya magunia.

Bapa akawasha. Salamu. Taarifa ya habari. Wimbo. Dakika ya tano, ya nane. Nilishika gunia kwa meno.

Dakika ya kumi na moja, kimya. Halafu harufu.

Mahameli yalikuwa yanaanza kuungua. Mwanamina ndiye aliyeruka, akasema samahani Bi Rehmat, akalishika gauni shingoni na kulivuta hata vifungo vyangu kumi na viwili vikatawanyika dukani. Mtu mmoja akameza kimoja, kwa mshangao.

Redio ikasimama uchi. Mukesh alitazama saa, akatangaza: kumi na moja. Watu wakavuka barabara.

Bapa alinijia. Hakuyaongelesha magunia safari hii, aliyazunguka. Aliniambia mwanangu umejitahidi, kafungashe. Afadhali angefoka.

Ajabu, robo saa baadaye redio ilifufuka yenyewe, ikaimba mpaka saa moja kwa duka tupu. Bapa alikuwa amesahau kuizima. Niliisikiliza nikikunja nguo zangu. Nadhani ilikuwa inaniaga.

Jumapili, 10 Oktoba

Leo ni furaha.

Saa tatu mashine ya mpunga ya Dhanji ilivunjika. Lile gurudumu linalobeba mkanda lilipasuka vipande vitatu. Jipya litoke Dar es Salaam, wiki sita, na wakulima wamejaza magunia mpaka nje. Mukesh alijaribu kuliunga. Cheti chake hakina somo hilo.

Dhanji akaenda kwa Bushiri. Bushiri akamwambia kumimina ataweza, kalibu hataweza, kalibu ni ya binti Walji. Basi wakaja wote dukani kwetu, Mwanamina pia, Mukesh amebeba vipande kwenye kapu kama mtu aliyetumwa ndizi. Bushiri alivua kofia yake yenye matundu mawili na kumwambia Bapa kwamba tangu alipoanza kazi hajapata kuona udongo unaopumua, na kwamba mtoto huyu akipelekwa kudarizi basi na yeye apelekwe. Mwanamina akaongeza kwamba Lindi ina sindano za kutosha.

Bapa alinitazama. Shangazi akanitazama. Watu sita walinitazama na hapakuwa na gunia karibu.

Nikasema. Kwa mdomo. Nikasema nitahitaji pumba debe mbili, na Mukesh akazilete.

Akaenda akazileta!

Tumemimina alasiri. Saa kumi na moja gurudumu lilikuwa linazunguka. Bapa amenipa ufunguo wa ghala la nyuma. Shangazi alinibusu paji la uso, akasema anamjua msichana mwingine Kilwa.

Nimefurahi kwamba hatimaye wameelewa thamani ya mbavu zangu.

Jumatatu, 11 Oktoba

Lori la Lindi lilipita saa mbili asubuhi. Shangazi alipanda mbele, na gauni lililoungua ndani ya mkoba wake. Nilipunga mkono mpaka vumbi likatua.

Jioni redio ilicheza saa nzima! Saa mbili, kwa kweli, mpaka Bapa akaomba ipumzike. Watu walirudi kutoka kwa Dhanji na vikombe vyao mikononi. Mwanamina aliniuliza kama sasa nimeona. Nikamwambia nimeona: mbavu mpya huchukua siku mbili kuzoea kazi. Alinitazama, akaenda kununua chumvi ambayo alikuwa ameshainunua.

Bushiri anataka nije kesho tumimine magurudumu mawili zaidi, kuna watu wameagiza. Nimemwambia itabidi angoje. Kuna hatari imejitokeza.

Baada ya matangazo niligusa mbavu zote thelathini na sita. Baridi! Kipoza kimezidi nguvu. Chombo cha thamani vile, kikae wazi hivyo, na mvua za vuli haziko mbali. Nimekwisha kumwandikia Shangazi atushonee gauni lingine, zito, lenye sufi mara mbili. Na nimechora jiko dogo la makaa ya mkoko, likae chini ya redio, ndani ya gauni, liipe joto.

Jina: Kipasha-Redio cha Kwanza. Kesho naanza na birika la Mama.