Kipa Mwenye Kofia

Jumatatu, 4 Machi 1974
Miaka kumi na moja naandika hadithi za katuni za gazeti la watoto hapa Dundee, Uskoti, na leo hadithi yangu ya mbwa askari imefutwa. Wasomaji wameichoka, kasema mhariri, Bwana Kinnear. Anataka mpya Jumatano, la sivyo nirudi kujibu barua za watoto. Kichwa kitupu! Meza ya pili Bi Effie Durno anachapa tu, anachapa tu. Anastaafu Ijumaa. Ana haraka gani?

Jumanne, 5 Machi
Bi Durno katoka kununua pai. Muswada wake mezani: msichana anaficha nywele ndani ya kofia, anajifanya mvulana, anadakia timu ya wachimba makaa. Tamu mno! Nikainakili upesi. Msichana nikamfanya mvulana, kofia nikaiacha; nani atajua?

Jumatano, 6 Machi
Aibu! Kinnear kaisoma hadithi mbele ya ofisi nzima, kisha kavua miwani.
“Sasa Petrie, kama kipa ni mvulana, kofia yake inaficha nini?”
Bi Durno, bila kuinua macho: “Ana kovu. Mgodi ulimwangukia. Hataki wenzake wamwonee huruma.”
Kinnear kapiga meza kwa furaha. Hadithi imepita!
Baadaye kwenye ngazi, Bi Durno kaniambia taratibu, “Ungeniomba, Petrie, ningekupa.” Msichana yule, kasema, ni yeye mwenyewe, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ilikuwa hadithi yake ya mwisho. Natamani ardhi inimeze.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeamua kukiri. Nikabisha hodi kwa Kinnear. Kabla sijafungua mdomo, kanishika bega: jina langu litachapwa ukurasa wa kwanza. Gazetini humu hakuna mwandishi aliyewahi kuchapwa jina! Nikasema asante. Nikaenda kujificha chooni.

Ijumaa, 8 Machi
Bi Durno kaagwa kwa keki. Nilishindwa kumtazama.

Jumapili, 10 Machi
Nimekwenda kwake na maua kuomba radhi. Nikalia, machozi ya kweli. Kanimiminia chai, kasema yamekwisha, kisha kaanza kunisimulia: penalti aliyoidaka kule Cowdenbeath, siku kofia ilipodondoka, nahodha aliyegundua akanyamaza. Mimi kichwa chini, mikono chini ya meza. Alidhani nimeinama kwa aibu, maskini, akanipapasa mgongo. Aibu nilikuwa nayo, naapa. Lakini pia nilikuwa naandika. Sehemu tatu nzima za katuni mpya!