Kundi la Vidonge Vitupu

Kalamu Tatu alikuwa amekaa kwenye benchi la kinyozi akisubiri zamu ambayo hakuwa na haja nayo, maana kipara chake kilikuwa kimeshamaliza kazi ya kinyozi siku nyingi. Kilichompeleka pale ni feni, redio, na mazungumzo ya watu wenye pesa. Jina hilo alilipata kwa sababu ya kalamu tatu alizochomeka kwenye mfuko wa shati kila siku iendayo kwa Mungu: nyeusi, ya bluu na nyekundu. Hakuna mtu mtaani aliyewahi kumwona akiandika hata herufi moja, lakini watu wana heshima sana kwa kalamu. Wakiziona tatu pamoja, humwita mwenye nazo msomi na kumpisha njiani.

Redio ilikuwa inasoma habari za afya. Watafiti, ilisema, waliwagawa washiriki makundi mawili. Kundi moja lilipewa dawa halisi. Kundi la pili lilipewa vidonge vinavyofanana kabisa na dawa, lakini ndani havina kitu. Na washiriki hawakuambiwa nani yuko wapi.

"Hebu ondoa wembe kwanza," alisema Bwana Bucha, aliyekuwa kwenye kiti na povu hadi masikioni. Bucha yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote mtaani, na tumbo lake pia. "Nimesikia vizuri? Mtu anakwenda kutafuta dawa, anapewa kidonge kitupu?"

"Ndiyo utafiti, mzee," alisema kinyozi.

"Utafiti gani huo? Huo ni wizi wa mchana! Mimi wakinitia kundi la vidonge vitupu, patachimbika. Natoa chochote. Nakwambia chochote, mradi nihamishwe!"

Lile neno "chochote" lilipaa juu ya povu, likazunguka na feni, likatua kwenye sikio la Kalamu Tatu na kujikunja humo kama paka aliyepata kiti chenye joto. Kalamu Tatu akasimama, akajifuta kipara, akaondoka bila kunyolewa.

Alikwenda moja kwa moja kwa shangazi yake. Huyu shangazi, dada wa baba yake, ndiye aliyemlea. Alikuwa fundi cherehani aliyeacha kazi kwa sababu ya macho, na sasa alitembea na fimbo, akavaa miwani minene kama vitako vya chupa, na kulalamika mgongo tangu asubuhi mpaka jioni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nimekuja kukusalimu tu."

"Umeshanisalimu. Unataka nini?"

Akamweleza. Shangazi alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena.

"Yaani makundi yote mawili yatapewa vidonge vitupu?"

"Yote mawili."

"Halafu watalipa kuhama kutoka kwenye vitupu kwenda kwenye vitupu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mwanangu," alisema shangazi, na sauti yake ililegea kwa mapenzi, "baba yako angekuwa hai angejivunia."

Wakakubaliana kugawana nusu kwa nusu. Papo hapo Kalamu Tatu akaamua moyoni kwamba siku ya kuondoka ataondoka peke yake, na shangazi ataachiwa mashine ya kupimia presha watakayonunua kwa ajili ya kazi, iwe kumbukumbu. Si kwamba hakumpenda. Alimpenda sana. Alipenda tu pesa zikiwa hazijakatwa katikati.

Shangazi alishona makoti mawili meupe kwa shuka, akakanda unga wa ngano na maji, akaviringa vidonge, akavianika juu ya sinia. Wakapanga chumba cha mbele kwa Mama Mwenye Nyumba, ambaye alimiliki upande mzima wa barabara. Mlangoni wakatundika kibao: KITUO CHA UTAFITI WA KURUDISHA UMRI NYUMA. Ndani kulikuwa na mizani, ile mashine ya presha, na mchoro wa mifupa ya binadamu walioununua kwa mchuuzi wa vitabu vya shule. Shangazi akawa Nesi. Kalamu Tatu akawa Daktari Mtafiti, na kwa heshima ya cheo akaongeza kalamu ya nne, ya kijani.

Mshiriki wa kwanza alikuwa Mama Mwenye Nyumba mwenyewe. Wa pili Bwana Bucha. Wa tatu alikuwa Mwalimu Mkuu, mstaafu, mtu wa tai na maswali, aliyekuja kuwaumbua na akabaki kuandikishwa aliposikia kwamba dawa inarudisha miaka.

"Nafasi ni chache na ushiriki ni bure," alisema Daktari kwa huzuni, kama mtu anayetangaza msiba. "Mtapewa makopo. Mengine yana kifuniko chekundu, mengine cha bluu. Rangi moja ni dawa. Nyingine ni vitupu. Ipi ni ipi, nyinyi hamjui, Nesi hajui, hata mimi sijui. Sayansi ndivyo inavyotaka."

Wakachukua makopo, wakaagana kwa adabu, wakatoka. Haikupita robo saa, Bwana Bucha akarudi kwa mlango wa uani, ameficha maini ya ng'ombe ndani ya gazeti na bahasha ndani ya soksi.

"Daktari, hiki changu chekundu kimekaaje?"

Daktari alitazama dirishani kwa muda mrefu. "Bwana Bucha, mimi nina kiapo."

"Kiapo kinakula maini?"

Kilikula. Bwana Bucha akahamishiwa bluu. Alipokuwa anatoka alipishana na Mama Mwenye Nyumba, ambaye tangu mwanzo alikuwa na bluu. Naye, kwa kusamehe kodi na kuongeza kitita, akahamishiwa nyekundu. Mwalimu Mkuu alikuja wa mwisho, bila haraka.

"Ulituambia hujui nani amepewa nini."

"Kama mtafiti, sijui," alisema Daktari. "Kama binadamu, najua."

Mwalimu Mkuu alilipima jibu hilo, akaliona lina mantiki, akatoa bahasha.

Sasa yakaanza mambo. Bwana Bucha alionekana nyuma ya bucha akiruka kamba, na mtaa mzima ukatetemeka. Mama Mwenye Nyumba alimwambia mumewe kwamba wakati umefika wa kutazama pengo la umri kati yao, kwa kuwa yeye sasa anaelekea thelathini na mume bado anaelekea makaburini. Mwalimu Mkuu alianza kupiga mbinja barabarani na kukataa kuamkiwa. Watu wengine wakaona, wakaja, wakapanga foleni mpaka kwa fundi viatu. Shangazi alikanda unga mpaka vidole vikafa ganzi.

Foleni ilipoanza kupungua, Daktari akaita mkutano na kutangaza madhara.

"Kwa wachache sana," alisema, "miongoni mwa wanaopata dawa halisi, umri unaweza kurudi ukapitiliza. Dalili ya kwanza ni meno ya utotoni."

Jioni ile ile Bwana Bucha alikuja ameshika taya. "Jino linanitikisika, Daktari! Nihamishe! Nirudishe kwenye vitupu, mimi nina watoto wanaonitegemea, siwezi kuwa mdogo kuliko wao!"

Wakamiminika wote. Waliolipa kuingia wakalipa kutoka, na nafasi walizoacha zikauzwa kwa waliokuwa nje. Begi la Daktari likanenepa mpaka zipu ikawa inafungwa kwa goti.

Mwenye kuharibu sherehe alikuwa Mwalimu Mkuu. "Utafiti bila matokeo ni porojo," alisema mbele ya watu. "Tunataka matokeo. Jumamosi, saa nne asubuhi, hapa hapa."

"Bila shaka," alisema Daktari, na kisirisiri akakata tiketi ya basi la Ijumaa mchana. Tiketi moja.

Ijumaa asubuhi alikuwa anafunga begi aliposikia mtu anaimba uani. Akachungulia. Shangazi alikuwa amebeba ndoo ya maji iliyojaa pomoni, bila fimbo, bila miwani, na nywele zake zilizokuwa nyeupe kama pamba zilikuwa nyeusi ti.

"Shangazi! Fimbo iko wapi?"

"Fimbo gani?" Akatua ndoo, akakaa kigodani, akachukua shati la kushona. Alinyoosha mkono, akapitisha uzi kwenye tundu la sindano kwa mkupuo mmoja, akaanza kushona huku anamtazama mpwa wake usoni.

Kalamu Tatu akatoka uani, begi mkononi. "Shangazi, umekula nini?"

Shangazi alitazama kulia, akatazama kushoto. "Sikutaka kukwambia, baba. Unga uliniishia katikati ya wiki. Nikafungua lile kabati la nyuma, nikakuta kifuko cha unga mweupe alichoacha mpangaji wa zamani. Nikaviringia huo. Nikionja moja moja, unajua tena, mpishi lazima aonje."

"Mpangaji wa zamani alikuwa nani?"

"Fundi rangi."

"Basi hiyo ni chokaa!"

"Inawezekana," alisema shangazi, akang'ata uzi kwa meno. "Lakini mgongo wangu hauna habari kwamba ni chokaa."

Mtu mwenye akili angecheka. Kalamu Tatu alikuwa na akili, na alijaribu kucheka, lakini wakati ule ule goti lake la kushoto, lililokuwa likimsumbua kila anapopanda ngazi, likamchoma. Akaliangalia. Akapapasa kipara chake. Akamwangalia shangazi, ambaye alikuwa ameinuka na anafagia uani kwa kiuno chepesi kama msichana anayetarajia wageni.

"Vimebaki?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kopo moja tu. Tatizo niliyaweka mawili pamoja juu ya rafu: moja la ule unga, jingine la ngano tupu. Yanafanana."

"Lakini wewe unalijua?"

"Kama nesi, silijui," alisema shangazi. "Kama shangazi, nalijua."

Kalamu Tatu alielewa vizuri kabisa maneno hayo yametoka wapi. Yeye ndiye aliyeyatunga. Aliyasikia yakiingia masikioni mwake na kumtekenya pale pale yalipokuwa yakiwatekenya wengine, na bado mkono wake ukaenda kwenye begi.

"Chukua nusu yako sasa hivi, shangazi. Na kidogo juu."

"Mwanangu, mimi nina kiapo."

"Shangazi! Mimi damu yako!"

"Damu ni damu, na utafiti ni utafiti. Nikikupa wewe bure, nitawaambia nini wale watu wa foleni?"

Walibishana mpaka jua likafika katikati ya ua. Akaongeza robo. Akaongeza robo ya mwisho. Akaongeza tiketi ya basi, na shangazi hata hakuuliza kwa nini ilikuwa moja. Ndipo akaingia ndani, akatoka na kopo, akamkabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

"Meza nusu ya kopo, ulale chali, usitoke nje mpaka kesho saa nne. Ukitoka mapema, umri unachanganyikiwa. Unaweza kurudi miguu tu, kichwa kikabaki."

Akambusu kwenye kipara, akalitupia begi begani, akaenda zake kwa mwendo wa haraka uliopendeza kutazama. Kalamu Tatu alipokwenda kutupa taka aliona kwenye pipa pakiti tupu ya rangi nyeusi ya nywele. Aliitazama kwa makini. Kisha akajiambia kwamba hiyo lazima ni ya mpangaji wa zamani, maana alikuwa fundi rangi. Akaingia ndani, akameza, akalala chali.

Jumamosi saa nne ilimkuta hapo hapo, amefumba macho, anasikilizia goti.

Alichokisikia ni vishindo. Siku ya jana yake Bwana Bucha na Mama Mwenye Nyumba walikuwa wamekutana dukani, wakagombana kuhusu nani ana dawa halisi, na kugundua kwamba kila mmoja alikuwa amelipa ili apewe kopo la mwenzake, halafu akalipa tena ili alirudishe. Wakampelekea Mwalimu Mkuu makopo yote mawili. Mwalimu Mkuu alichukua sufuria mbili, akachemsha vidonge vya kifuniko chekundu huku na vya kifuniko cha bluu kule, akakoroga, akaonja.

"Uji," alitoa hukumu. "Na huu mwingine pia ni uji."

Sasa walikuwa mlangoni, na nyuma yao foleni nzima mpaka kwa fundi viatu. Bwana Bucha alikuwa amekuja na vifaa vyake vya kazi.

"Daktari! Toka na matokeo!"

Kalamu Tatu aliruka kitandani. Kalamu zote nne zilimdondoka. Akapita jikoni, akatokea uani, na mbele yake ukasimama ukuta wa nyuma, mrefu kumzidi, ambao paka wa mtaa walikuwa wakiutazama mara mbili kabla ya kuupanda. Mlango ukavunjika. Bwana Bucha akatokea, akifuatwa na Mama Mwenye Nyumba na Mwalimu Mkuu.

Kalamu Tatu alikimbia hatua chache, akaruka. Mikono ikashika juu, goti la kushoto likapanda kwanza, kiwiliwili kikafuata, na kwa nukta moja akasimama juu ya ukuta dhidi ya anga, kipara kinang'aa, uso umejaa furaha ambayo hajawahi kuwa nayo mtu anayefukuzwa kwa panga la bucha.

"Inafanya kazi!" alipiga kelele. "Jamani, inafanya kazi!"

Akatumbukia upande wa pili, na viatu vyake vikasikika vikipotea kwa kasi.

Uani palitulia. Bwana Bucha alishusha panga polepole.

"Mmemwona alivyoruka?"

"Na jana tu alikuwa anachechemea," alisema Mama Mwenye Nyumba.

Wakatazamana. Kisha wakageuka wote kwa pamoja, wakabanana mlangoni, wakaingia chumbani. Kopo lilikuwa kando ya mto, nusu limebaki.

"Chumba changu, kopo langu!" alisema Mama Mwenye Nyumba, akilikumbatia.

"Tugawane, mama, tugawane kiungwana!" alisihi Bwana Bucha, na tayari mkono ulikuwa unapapasa soksi.

Mwalimu Mkuu, ambaye jana alichemsha vidonge kwa mkono wake mwenyewe na kuonja uji wake mwenyewe, alikuwa amesimama nyuma yao, amelegeza tai, ameshika glasi ya maji.