Vita vya Mwalimu Dismasi na Kutu ya Bastola ya Mbio

Sogeeni, enyi watu wa Buzebazeba, na ninyi wa Ilagala mlioziacha nyavu juani, na ninyi wa Kidahwe mliokuja bila kualikwa. Zimeni simu, funikeni vyungu, kwa maana ninalo jambo zito ambalo wakubwa wa dunia, kwa bahati yao mbaya, hawakupata habari zake. Ninamsimulia Dismasi bin Leonardi, mwalimu wa michezo, Simba wa Kipenga, Mlinzi wa Mstari wa Chokaa, aliyekabiliana na kutu uso kwa uso wala asikimbie. Na kama alitamani kukimbia, mimi sikuwamo moyoni mwake.

Ijueni kwanza silaha. Shule yake ilikuwa na bastola ya kuanzishia mbio, isiyoweza kuua hata mbu, ila ikilishwa fataki hulia paa! na watoto wakatimka. Shule nyingine za kata zilianzisha mbio kwa kugonganisha mbao mbili, kama wafukuzao ngedere shambani. Kwa miaka kumi na minne hapakuwa na mkono ulioishika bastola ile ila mkono wa Dismasi. Nyumbani hakuwa na sauti, na kwenye kikao cha walimu alipewa nafasi ya kusema watu wakiwa wameshabeba mikoba. Lakini siku ya mashindano uwanja mzima ulinyamaza ukimngoja yeye. Hilo ndilo alilokuwa nalo duniani, maskini, naye alilijua.

Sasa, mwana wa Kigoma akikipenda kitu hukipaka mawese. Mtoto akikohoa, mawese. Bawaba ikilia, mawese. Ngozi ikipauka, mawese. Basi kila Jumapili baada ya misa shujaa wetu aliimiminia bastola kijiko kizima tumboni, akachungulia ndani, akaona wekundu, akasema kwa furaha, "Imeshiba." Mawese mekundu, na kutu nyekundu! Miaka mitatu kutu iliitafuna nyundo na springi, naye akiitazama machoni na kuisifu kwa kunawiri. Na huyu ni mtu mwenye diploma.

Ikafika Ijumaa, kesho yake ikiwa siku ya mashindano ya shule sita. Dismasi akaitoa silaha mbele ya walimu wote, akavuta kifyatulio. Kimya. Akavuta kwa vidole viwili, akavuta kwa mikono miwili huku amefumba macho, na bastola, baada ya kuombwa sana, ikadondosha tone moja la mawese juu ya kiatu chake.

Hapo akainuka Vedasto, mwalimu wa hesabu, Bwana wa Mbao Mbili, akasafisha koo.

"Mwalimu Mkuu, nanyi wenzangu! Kila utawala una mwisho wake. Mbao hazinywi mafuta, hazishiki kutu, hazina matumbo ya kuugua. Nikabidhini uwanja!"

Mwalimu Mkuu, Bi Ziada, hakupenda hotuba. "Mwalimu Dismasi, ikilia kesho kwenye mbio za kwanza, endelea nayo. Isipolia, Vedasto ndiye atakayeanzisha, kesho na miaka yote."

Alasiri hiyo shujaa akaivuka barabara kwa uchungu mkuu, akaenda kwa Vénérande, Mrundi aliyeolewa Buzebazeba, fundi cherehani, ambaye binti yake Armelle angekimbia mita mia kesho yake.

"Mwiriwe, Mwalimu. Karibu."

"Ewe mama wa sindano!" akanguruma Dismasi. "Mimi niliyevitimua vizazi kumi na vinne nimekuja mbele yako, nimevuliwa..."

"Lete hicho kitu, Mwalimu."

Akaifungua kwa bisibisi ya cherehani, akachungulia, akashika kichwa.

"Mana yanje! Mwalimu, umeikaanga?"

"Hayo ni mawese, Mama Armelle. Ya Ilagala, safi kabisa."

"Mawese hayakwaruzi kidole. Hii ni kutu."

Vita vikaanza. Vénérande akavitumbukiza vyuma katika bakuli la mafuta ya taa, akavisugua kwa mswaki mkuukuu, akavipitisha kwenye msasa, kimoja baada ya kingine, na kutu ikatoka kama matope ya masika. Na Dismasi je? Dismasi alishika bakuli! Alilishika kwa mikono yote miwili, bila kutetereka, isipokuwa mara mbili. Tena springi iliporuka na kutorokea chini ya cherehani, ni nani aliyejitosa kifudifudi katika bonde lile la vipande vya vitenge, akapapasa, akachomwa na pini, akapiga yowe, akainuka nayo mkononi? Ni yeye. Semeni wenyewe kama huo si ushujaa.

Mwisho mama akachukua mafuta ya cherehani. "Tone moja, Mwalimu. Moja. Weka chini hicho kidumu cha mawese."

"Tuijaribu?"

"Fataki unazo ngapi?"

Dismasi akainamisha kichwa. Nzima ilibaki moja. Nyingine alishazipaka mawese.

"Basi utajua kesho," akasema Vénérande, akarudi kwenye sare zake.

Kesho ikafika. Wasichana wanane wa mita mia mstarini, Armelle akiwa mmoja wao, Vedasto pembeni na mbao zake kwapani akitabasamu, na Dismasi ameinua bastola hewani. Nawaambieni kweli, nilimhurumia. Akavuta.

Paa!

Ziwa likasikia, milima ya Kongo ng'ambo ikasikia, walimu wakalia kwa shangwe, Bi Ziada akamkumbatia mtu asiyemfahamu, na Dismasi akaibusu bastola hadharani huku machozi yakimtiririka. Waamuzi wa mstari wa mwisho nao, watu wazima watatu wenye saa mikononi, wakageuka wote kuitazama bastola na moshi wake.

Walipogeuka tena, wasichana walikuwa wameshafika, wamekaa chini, wanahema. Ni nani wa kwanza? Hakuna aliyeona. Ikaamriwa mbio zirudiwe, na kwa kuwa fataki zilikwisha, Vedasto akaitwa aje na mbao zake.

"Lakini mwalimu," akasema Armelle, "mimi nilishafika."

Akaambiwa asibishane na wakubwa. Akarudi mstarini, mbao zikagongwa, akakimbia peku, akashinda.

Iandikwe basi kwa wino usiofutika, wajukuu waisome na wakariri: siku ile, katika Kigoma, kwa mkono wa Dismasi bin Leonardi, bastola ililia. Na yule binti aliyeshinda mara mbili, naye aandikwe, kama karatasi itabaki.