Uzinduzi wa Jumba la Kuoanisha Chakula na Mvinyo, Roquesalle, Kusini mwa Ufaransa

Mheshimiwa Meya, uliyeniachia kipaza sauti kwa sababu ya mafua. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Ushirika wa Mvinyo. Ndugu Fulcrand, mfugaji wetu wa chaza. Waheshimiwa mliokaa na waheshimiwa mliokosa viti. Na wewe Bi Odile Cazalbou, mama mwenye mtoto mgongoni, uliyekubali mizabibu yako ya miaka themanini ing'olewe ili Jumba letu lipate kiwanja: pokeeni salamu za Idara, kwa awamu. (Makofi, safu ya mbele tu.)

Mimi Gaston Peyrissac, Naibu Mkurugenzi wa Uoanishaji, baada ya upembuzi yakinifu, semina elekezi kumi na moja na chakula cha mchana cha siku nne mfululizo, ninayo furaha kutangaza kwamba mkakati wetu umefikia asilimia mia moja na kumi na mbili ya malengo, na kwamba kuanzia leo kila sahani ya Kusini itakuwa na mvinyo wake uliopitishwa na kamati: kasuleti, yale maharage yetu ya nyama chunguni, na mweupe mtamu, chaza na mwekundu mzito. (Minong'ono. Fulcrand asema chaza wake huliwa kwa Picpoul, mvinyo mweupe wa hapa, tangu enzi za babu yake, na kwamba hata paka wake anajua hilo.)

Ndugu Fulcrand, paka si mdau.

Aidha, ile tabia ya kumimina mvinyo mwekundu kwenye supu iliyobaki, kisha mtu mzima kuinua bakuli kwa mikono miwili na kuligugumia, inafutwa, kwa kuwa haina fomu. (Kelele. Mzee mmoja ataka kujua kama Idara itakuja kumpokonya bakuli mezani kwake. Odile anyoosha mkono.)

"Mheshimiwa, mizabibu mliing'oa mwezi wa pili. Sasa ni wa tisa, wenzangu wanavuna. Jumba liko wapi?"

Swali zuri, mama, limepokelewa, litachakatwa. Semeni nami: Chakula! Mvinyo! (Mbwa abweka.) Maendeleo!

Kwa kumalizia, nawashukuru nyote kwa kuzindua Jumba ambalo, kwa uwazi wa hali ya juu, halina ramani, halina kibali wala halijawahi kuombewa fungu. Na kwa namna ya pekee namshukuru Bi Odile, kwani bila shamba lake tusingepata pa kuegesha magari ya wageni leo. Ahsanteni, naomba dereva wangu.

(Dereva hawezi. Odile amekaa juu ya boneti, amemshusha mtoto na anamnyonyesha. Nyuma ya gari wanakijiji wamepanga viti, na mabakuli ya supu yanapita mkono kwa mkono.)

Bi Odile, hilo ni gari la serikali.

"Mzabibu ukipandwa leo unazaa baada ya miaka minne, Mheshimiwa. Endelea kuhutubia mpaka hapo."