Umbo la Mninga Lililogoma Kugeuka

Jamani, nimedhalilika leo, tena saa nne asubuhi, mbele ya ubao wangu mwenyewe, nikiwa sina viatu.

Mimi ni mkufunzi msaidizi wa uchoraji wa kihandisi kwenye chuo kimoja hapa Mpanda. Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Mkuu wetu wa idara, mama tunayemwita Madamu, alisema leo atakaa nyuma ya darasa langu, kisha ataamua kama anasaini mwingine au nirudi kwa wazazi Sitalike nikaulize maswali huko. (Maneno yake.)

Maswali ndiyo ugonjwa wangu. Madamu anaamini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kukiona kitu kichwani kwa pande zote mpaka kwanza akishike. Mimi nilimwambia kushika ni kwa chekechea, mhandisi anazungusha kitu kwa akili. Akasema, "Sawa. Tengenezesha umbo moja kubwa, ufundishe nalo, tuone."

Nikachora umbo lenye ngazi tatu mbele na mteremko ubavuni. Sasa, kwenye kazi yetu kuna desturi mbili. Kuna wanaotazama kitu kutoka kushoto, na mchoro wa upande huo wanauweka kushoto mwa karatasi. Wengine, mimi nikiwamo, wanauweka kulia. Ndiyo maana kwenye kona ya karatasi huwa tunachora kialama cha kumwambia msomaji unafuata desturi ipi. Mimi sikukichora. Niliwahi kuuliza nani aliamua kwamba ni lazima, sikujibiwa, nikakiacha.

Karatasi nikampelekea fundi Pius, seremala aliyehamia mjini kutoka Karema, ambako alikuwa anaunda mitumbwi. Aliiangalia muda mrefu.

"Mwalimu, huu ubavu umeutazama ukiwa upande gani?"

"Fundi, wewe fuata mchoro."

Akafuata.

Leo asubuhi nikalichukua umbo likiwa limefungwa kwenye gunia, nikalipakia kwenye bodaboda. Mninga mtupu, uzito kama mtoto wa darasa la tatu. Sikulifungua. (Nilitaka litokee kwa kishindo.)

Darasani wamo wanafunzi sitini, Madamu yuko nyuma na daftari lake. Picha ya umbo zima nilikuwa nimeshaichora ubaoni. Nikavuta gunia. Wakapiga makofi. Nikawaambia, "Hiki kilichopo mezani na kile cha ubaoni ni kitu kimoja. Asiyeona hivyo, akili yake bado haijajifunza kuzungusha vitu."

Mkono ukanyooka. Kabula, binti mmoja wa Kisukuma kutoka Kasekese, kwao wafugaji, mpole kuliko wote.

"Sir, samahani. Ubaoni mteremko uko kushoto. Hapo mezani uko kulia."

Nikatabasamu tabasamu la msomi. "Kabula, ni suala la kuligeuza tu."

Nikaligeuza. Mteremko ukaja kushoto, lakini ngazi zikaangalia ubao.

"Zimetupa mgongo, Sir," akasema mtu.

Nikalipindua juu chini. Mteremko kushoto, ngazi zinaangalia darasa. Nikashusha pumzi.

"Hizo ngazi anapanda popo?" akauliza mwingine.

Nikalilaza. Nikalisimamisha. Nikalizungusha mpaka shati likanata mgongoni. Kila nikirekebisha upande mmoja, mwingine unaharibika.

"Sir, hata ukigeuza mpaka jioni," akasema Kabula taratibu. "Hilo ni kama kiatu."

"Kivipi? Nithibitishie."

(Ona mdomo huu.)

"Vua cha kushoto, ukigeuze kiwe cha kulia."

Mtu mwenye busara angecheka na kuendelea na somo. Mimi nikavua. Nikakigeuza kisigino mbele. Nikakipindua soli juu. Nikakijaribu kwenye mguu wa kulia, nao nikauvua kiatu kwanza ili jaribio liwe la haki. Soksi zilikuwa na rangi mbili tofauti. Naomba tusizijadili.

Hapo ndipo ikaniingia. Umbo lilikuwa limetoka kama linavyoonekana kwenye kioo. Na badala ya kukiri, nikasema, "Fundi amekosea."

Sauti ya Madamu ikatoka nyuma: "Mpigie. Weka spika, tujifunze wote."

Nikapiga.

"Fundi, umbo umeligeuza."

"Mwalimu, si nilikuuliza ubavu umeutazama kutoka wapi? Ukasema nifuate mchoro. Ubavu uliuweka kulia, nikajua ni wa kulia. Au nilitakiwa kuota?"

Darasa likaangua kicheko. Kuna kijana aliyelala chini kabisa. Kabula alijifunika uso na daftari, mabega yanaruka.

"Halo? Mwalimu?" fundi akaendelea. "Kama unataka lingine, uje na mchoro, halafu uje na majibu."

Madamu akaja mbele pole pole. Akalipapasa lile umbo, akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye soksi. Nikaanza kufungasha vitabu vyangu moyoni.

"Nani ataacha kuchora kialama cha kona kwenye mtihani wangu?" akawauliza.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Wiki tatu nimekifundisha, hakuna aliyekikumbuka. Leo nyie wote mmekielewa." Akanigeukia. "Mkataba nitasaini. Hili umbo litakaa kwenye kabati la kioo pale mlangoni, na wewe ndiye utawaeleza wa mwaka wa kwanza lilivyopatikana. Kila mwaka."

Kwa hiyo kazi ninayo, ndugu zangu. Ila kama ni lazima mcheke, malizeni leo, maana kesho saa mbili nina kipindi na Kabula anakaa mstari wa mbele.